Nilivyogeuza Mtihani wa Kerubo Kuwa Matanga

Nyinyi vijana mtakaosoma maneno haya, wekeni simu chini kidogo mkae vizuri. Najua mnanijua. Wengi wenu mliniona humo kwenye simu zenu, mama mzee wa kitambaa cheupe kichwani, mdomo wazi kama mlango wa zizi, naimba na kupunga mkono, na mlicheka, na mlitumiana, na mmoja wenu pale Nyaramba alinifuata na pikipiki mpaka kwenye mashine ya kusaga akiigiza sauti yangu kwa puani. Chekeni. Ningekuwa mtu mwingine hata mimi ningecheka. Lakini hamjui kilichokuwa kikifanyika siku ile, na kwa sababu hamjui nitawaambia mwenyewe kwa mkono wangu, hata kama shule yangu iliishia darasa la tatu na Kiswahili changu nilikiokota Kericho kwenye mashamba ya chai nikiwa bado bibi arusi, nikichuma majani safu moja na watu wa kila kabila. Aibu yangu ni hii, naisema mapema isinikalie kooni: nilianzisha wimbo wa matanga katikati ya mtihani wa mjukuu wangu, ukumbi mzima wa chuo ukasimama ukaimba nami, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

Au niseme alikuwepo aliyekufa, lakini alikufa zamani, na hapo ndipo ubaya wote ulipo.

Mjukuu wangu anaitwa Kerubo, ni mtoto wa mwanangu Ombati. Mama yake, Nyaboke, aliugua wakati Kerubo bado ni mtoto wa shule ya msingi, akalazwa hospitali, akarudishwa nyumbani, akafia kwangu kwenye chumba cha mbele, tukamzika kando ya migomba. Alikuwa mke wa mwanangu, lakini siwadanganyi, nilimpenda kuliko wengine niliowazaa mwenyewe (na wanajua, wasiulize ni nani). Baada ya mazishi jina lake liliacha kutajwa pale nyumbani. Hakuna aliyekataza. Lilikaa tu kama kisima kilichofunikwa kwa mabati, kila mtu anazunguka, hakuna anayekanyaga.

Sasa kwetu mtoto wa kike hamwambii baba yake mambo ya moyoni. Kuna heshima kati yao, sisi tunaiita chinsoni, na mambo ya kitanda, ya ugonjwa na ya machozi hayasemwi mbele ya baba, na yakianza kusemwa baba mwenyewe husimama akatoka nje. Mambo hayo mtoto humletea bibi yake, magokoro, kwa maana bibi na mjukuu hawaonani haya, mnaweza kutaniana mpaka mgeni akadhani mnatukanana. Kwa hiyo kama Kerubo alikuwa na neno juu ya mama yake, wa kuletewa ni mimi. Hakuleta. Alikua hivyo hivyo, mtoto wa "ndiyo" na "hapana" na "nimeshiba", mwenye bidii, msafi, lakini ukikaa naye jikoni unasikia moto unavyokula kuni.

Alipomaliza sekondari akaingia chuo kimoja pale Kisii mjini kusoma ustawi wa jamii, akawa analala Kiogoro kwa shangazi yake siku za masomo na kurudi nyumbani Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Masomo mengine yote alipita. Lililomshinda lilikuwa moja, wanaliita mawasiliano, na nilipoambiwa nilidhani ni mambo ya simu, kumbe ni kujifunza kusimama mbele ya watu na kuongea. (Nikauliza, na hilo nalo lina chuo? Mimi nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, kwa harusi, kwa mazishi, kwa baraza la chifu, na sijafundishwa na mtu. Ndiyo, endeleeni kusoma, mtaona nilivyokuwa nimejua.) Kila akiitwa mbele ya darasa koo linamfunga, anaangalia viatu vyake, anarudi kukaa. Mwalimu wake, mwanamke anayeitwa Halima, wa zile familia za Waislamu zenye maduka mjini, alimwambia kwa upole lakini bila kumficha: siku ya mwisho kila mwanafunzi atasimama ukumbini mbele ya wageni waliotoka nyumbani kwao na ataongea, na asiyeongea atalirudia somo hilo, wenzake watamaliza wamwache.

Ndipo akaanza mazoezi. Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa naenda kuangalia majani, nikasikia sauti kati ya safu za chai ikisema "wageni waheshimiwa", nikadhani ni wezi wa majani wamekuwa na adabu siku hizi, nikachukua fimbo. Nikamkuta yeye, peke yake, kikapu mgongoni, anahutubia miti ya chai. Akaona aibu, lakini nikamkazia akanieleza. Akasema pumzi hutolewa chini tumboni na si juu kifuani. Akasema usianze kwa kuomba msamaha kwamba wewe si msemaji, watu watakuamini. Akasema unawaangalia watu usoni, kwanza wa kushoto, halafu wa katikati, halafu wa kulia. Hapo nikamkatiza. Nikamwambia mtoto anayemkodolea mtu mzima macho hatufai, hayo macho ayaache huko huko chuoni.

"Magokoro, nisipowaangalia watajuaje naongea na wao?" akaniuliza.

"Watajua kwa sababu mdomo wako unatingishika."

Akacheka. Nawaambia mtoto huyo alicheka, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta fimbo.

Tangu siku hiyo nilikuwa namsikiliza kutoka jikoni akifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Sikuyashika maneno yote, upepo unayabeba, lakini nilisikia kwamba kila akifika katikati ananyamaza. Anaenda vizuri, vizuri, halafu kimya. Nami nikijua amekwama nampigia kelele kutoka ndani, "Endelea, mama, usiogope," naye anapumua kwa nguvu anaanza upya. Hiyo ilikuwa kazi yetu kila Jumapili, yeye kunyamaza na mimi kumsukuma, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu akwame kila siku mahali pamoja.

Wiki ya mtihani akaniambia amechagua kuongea kwa Kiswahili. Wenzake wengi wataongea Kiingereza, lakini yeye amemwomba Mwalimu Halima, kwa sababu anataka mimi nielewe. Nikamwambia asante. Akaniambia tena, nije peke yangu, kila mwanafunzi amepewa kiti kimoja cha mgeni. "Na ukifika, Magokoro, kaa tu."

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulikoanzia, maana ulianza mdogo kama punje ya wimbi. Nilijiuliza, mtoto asiye na mama aende kusimama mbele ya mji mzima akiwa na bibi mmoja tu nyuma yake, kama mbuzi anayepelekwa sokoni? Watu wataona ni mtoto asiye na watu. Wengine watajaza viti. Nikaenda kwa Bosibori, jirani yangu, ndiye anayeongoza kwaya ya akina mama kanisani, mwanamke mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, nikamwambia avae vizuri tunaenda Kisii. Hakuuliza ni nini. Bosibori ukimwambia avae vizuri anabeba leso ya ziada, kwa maana kwake nguo nzuri na kilio vinakwenda pamoja.

Tulifika mapema. Kiti changu kilikuwa nyuma karibu na dirisha, mahali pazuri, na kama ningekaa hapo labda leo nisingekuwa naandika. Lakini Bosibori hakuwa na kiti, naye hawezi kusimama muda mrefu na ule mguu wake, kwa hiyo tukaenda mbele kabisa ambako kulikuwa na viti viwili vyenye kitambaa, tukakaa. (Vilikuwa vya wakubwa wa chuo. Wakubwa wakaja, wakatuangalia, wakasimama ukutani.) Kando yetu alikuwa mzee mmoja wa Nyamarambe mwenye kofia, amekuja kwa ajili ya mjukuu wake wa kiume. Akatusalimu vizuri na kutuuliza kama na sisi tumeelewa tunachofanya pale. Nikamwambia ni mtihani wa kuongea. Akasema basi mke wake angepewa shahada.

Wakaanza. Msichana mmoja akaongea juu ya takataka za plastiki mtoni, mjukuu wa yule mzee akaongea juu ya nyuki, anatembea huku na huku na maikrofoni kama mhubiri, watu wakapiga makofi, na mzee akaninong'oneza kwamba hajawahi kumwona kijana yule akikaribia mzinga. Mwalimu Halima alikaa pembeni kwenye meza ndogo, kalamu mkononi, saa mbele yake, kila mmoja na dakika zake, zikiisha anagonga meza.

Akaitwa Kerubo.

Alipanda pale mbele amevaa ile sketi nyeusi niliyompigia pasi mwenyewe. Akasimama. Akavuta pumzi, nikaona tumbo likisogea, nikajua amekumbuka. Akaangalia kushoto, akaangalia katikati, akaangalia kulia, na mimi niliyemkataza nikafurahi. Akasema, "Jina langu ni Kerubo. Mama yangu aliitwa Nyaboke."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima mgongoni. Sikuwa nimelisikia jina hilo kwa sauti ya mtoto huyo tangu mama yake azikwe. Naye hakutetemeka. Akaeleza mama yake alivyokuwa akimbeba mgongoni akichuma majani, jinsi alivyokuwa akimwimbia kwa sauti mbaya, watu wakacheka kidogo, na ni kweli, Nyaboke alikuwa haimbi. Akaeleza ugonjwa ulivyoingia nyumbani, jinsi watu wazima walivyokuwa wakimfukuza mlangoni ili asione. (Aliyemfukuza ni mimi.) Bosibori alikuwa ameshaanza kuvuta makamasi. Halafu Kerubo akasema, taratibu:

"Siku ya mwisho mama aliniita kando ya kitanda akaniambia neno. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo."

Akanyamaza.

Nyinyi wasomi mnajua kilichokuwa kikifanyika. Mimi sikujua. Mimi nilichokiona ni mtoto aliyefiwa, amesimama mbele ya watu, amelitaja jina la mama yake, amefika kitandani, na mdomo umefunga. Mkono wake umeshika ukingo wa meza iliyokuwa mbele yake. Macho yake yananiangalia mimi. Ukumbi umetulia mpaka nasikia pikipiki barabarani. Nikamwangalia yule mwalimu nione atafanya nini, nikaona ameinama mbele, kalamu imesimama, na uso wake una furaha. Nikasema moyoni, huyu ni mwanamke wa namna gani, yatima anasongwa mbele yake naye anafurahi.

Bosibori akanisukuma na kiwiko. "Mtoto amekwama," akasema. "Utamwacha hivyo mbele ya watu?"

Wale mliozaliwa mjini niwaeleze. Kwetu, mtu akisimama kaburini kumsemea aliyekufa, akishindwa, haachwi pale mdomo wazi watu wakimtazama. Hiyo ni aibu ya boma zima. Mama mmoja mzima wa ukoo huo husimama akaanzisha wimbo, wengine wanapokea hapo hapo, na mwingine anamwendea na leso, anamfunika mabega, anamkalisha, ili machozi yake yapite chini ya wimbo, hakuna anayeyasikia. Ni huruma. Ndivyo mama yangu alivyofanyiwa na ndivyo nimewafanyia watu wengi, na mama wa ukoo pale ukumbini alikuwa nani kama si mimi.

Nikasimama. Nikaanzisha.

Nilianzisha ule ambao kila mtu wa huku anaujua, awe Msabato, awe Mkatoliki, awe yule anayeingia kanisani akiwa ndani ya sanduku. Sikuwa nimemaliza mstari wa kwanza Bosibori akaupokea kwa juu, na yule mzee wa Nyamarambe akavua kofia akasimama na besi, na nyuma yetu nikasikia viti vikisukumwa, watu wote wanainuka, akina mama, akina baba, walinzi wa mlangoni, kwa maana hakuna Mkisii atakayesikia wimbo huo akabaki ameketi. Wanafunzi wengine walidhani ni sehemu ya mtihani wakaanza kuyumba. Simu zikatoka (hizo hizo zenu). Bosibori akapanda pale mbele na mguu wake mbaya, akafungua leso, akamfunika Kerubo mabega, akamkumbatia akaanza kumshusha kwenye kiti. Nikamwona Kerubo akitingisha kichwa. Nikaona mdomo wake ukifunguka karibu na ile maikrofoni, anasema kitu. Nikadhani ni kilio kinatoka, na ili watu wasimsikie akilia, nikaongeza sauti.

Someni hapo tena. Mtoto alifungua mdomo, mimi nikaongeza sauti.

Tuliimba ubeti wa pili. Tuliimba wa tatu, kwa maana ukianza huo hauachwi njiani. Mwalimu Halima alikuwa amesimama, mkono juu, anaomba tutulie, lakini wimbo ulipoisha yule mzee akasema kwa sauti, "Tuombe," na watu wakafumba macho, na mwanamke yule akateremsha mkono wake akainamisha kichwa na yeye, angefanya nini, angemgongea mzee meza katikati ya maombi? Mzee akaomba. Akaombea boma lililofiwa, akaombea waliobaki, akaombea mvua, akaombea na mjukuu wake wa nyuki. Tuliposema amina akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza polepole mazishi ni siku gani.

Nikamwambia tulishazika, miaka mingi. Akaniangalia. Akavaa kofia yake.

Watu wakakaa. Dakika za Kerubo zilikuwa zimekwisha, lakini Mwalimu Halima hakugonga meza. Akamwita kwa jina akamuuliza kama anataka kuendelea, atampa nafasi. Kerubo akasimama tena, leso ya Bosibori bado mabegani kama mgonjwa. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo, na safari hii nikaona kwa macho yangu kukwama kunavyofanana, maana hakufanani hata kidogo na kile kimya cha kwanza. Macho yalikwenda kwenye viatu. Mikono ikashika leso. Watu wakangoja, na mimi, ambaye sasa ndipo ningefaa kufanya jambo, nilikaa kwenye kiti cha wakubwa nimeshikilia magoti yangu. Akatingisha kichwa, akashuka, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilimkuta nje karibu na bomba la maji. Hakuwa analia. Nikaanza kumfariji, nikamwambia hata watu wazima hushindwa, hakuna aliyemcheka, tulimfunika vizuri. Akaniacha nikamaliza yote.

"Magokoro, sikuwa nimekwama," akasema. "Nilikuwa nimenyamaza tu."

Nikamuuliza mtu anawezaje kunyamaza tu, mbele ya watu, amepewa nafasi ya kuongea.

"Tulifundishwa. Ukifika kwa neno kubwa unanyamaza kwanza, watu wasogee. Ndicho nilichokuwa nafanyia mazoezi nyumbani, na wewe unaniambia niendelee." Akafunga bomba, ambalo lilikuwa halitoi maji. "Nilikuwa nalisema sasa. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Basi niambie hapa. Niko."

"Limerudi," akasema.

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira, hasira naijua.

Nilirudi ndani nikamtafuta yule mwalimu, na nawaambia ukweli niliingia nikiwa nimebeba ugomvi, nikitaka awe yeye mwenye makosa. Nikamuuliza kwa nini anafundisha watoto wa watu kunyamaza. Alinivutia kiti kwanza. Akaniita bibi, akaniuliza kama nimekunywa chai. Akanieleza kwamba Kerubo ndiye aliyemchukua muda mrefu kuliko wote, kwamba kule kunyamaza ndiko kulikomshinda zaidi, maana mtoto huyo ameshazoea kunyamaza ili asiseme, na ilibidi ajifunze kunyamaza ili aseme. Akasema alipomwona amesimama vile, bila kutetemeka, ndipo akafurahi. Basi ile furaha ndiyo niliyoiona mimi nikaitukana. Nikamwomba ampe alama zake. Akasema hawezi kutia alama wimbo, hata ukiwa mzuri, lakini mlango uko wazi, kundi linalofuata likisimama, na Kerubo anaweza kusimama nalo, akitaka.

Hakutaka. Njia nzima ya kurudi Bosibori aliongea peke yake, akasema kwamba hata hivyo sauti zilikaa vizuri, hajasikia besi kama ile ya yule mzee muda mrefu, mpaka nikamwambia anyamaze, nikasikia hilo neno "nyamaza" linavyosikika likitoka kwangu. Wenzake Kerubo walimaliza wakaendelea. Yeye alirudi nyumbani na mizigo yake yote, akasema atachuma majani. Akachuma. Ombati aliponiuliza kulitokea nini nikamweleza, akanisikiliza mpaka nilipofika penye jina la Nyaboke, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Baba afanye nini zaidi? Na nyinyi mkaendelea kutumiana.

Mimi kuchekwa nilizoea mapema, mtu wa umri wangu akichekwa anajua bado anaonekana. Kilichonila ni kingine. Nilikuwa nikichuma safu moja na mtoto yule, asubuhi mpaka tunapeleka majani kituoni, na nikajiona nilivyo. Akinyamaza namuuliza kama ameshiba. Akinyamaza namwambia majani yamekomaa. Akinyamaza naimba. Tukirudi nafungua redio. Niliona kwamba tangu tumzike mama yake sijawahi kuuacha mlango wa maneno wazi hata kidogo apite mtu mwingine, nimesimama hapo mwenyewe na nyimbo zangu na pole zangu na maombi yangu, wote wanasema mama yule ana moyo wa faraja. Nikaapa, na kiapo hiki ndicho nilichotaka kuwapa nyinyi, kwamba sitamwanzishia mtu wimbo tena mpaka aniombe mwenyewe kwa mdomo wake. Hata kaburini. Wameshaniona kanisani nimekaa kimya mtu akishindwa, wananiangalia vibaya, na waniangalie. Mtu aliyeshindwa akipumzika kidogo huwa anaendelea. Nimeona. Sikuwa najua kwa sababu sikuwa nimewahi kungoja.

Kerubo sikumwomba tena neno lake. Nilikuwa nimekosa haki ya kuliomba.

Halafu Jumapili moja mchana mvua ilitufungia wote jikoni kwangu, Ombati, na Gesare, mke aliyemwoa baadaye, na watoto wao wadogo, na Bosibori aliyekuwa amekuja kuchukua moto akanyeshewa. Kerubo alikuwa anamenya ndizi karibu na mlango. Tunaongea mambo ya mbolea. Akasema, bila kuinua kichwa, kisu bado mkononi:

"Siku ile mama aliniita kando ya kitanda."

Akanyamaza.

Ombati akasimama kuchukua koti lake, kwa maana ni baba, na maneno yale si ya masikio yake. Gesare akaanza, "Pole, Keru..." Bosibori nilimwona akivuta pumzi. Na mimi, sitawaficha, wimbo ulikuwa umefika kwenye meno. Nikaumeza, nikawaambia:

"Ombati, keti chini, hizo chinsoni zitangoja nje na mvua. Gesare, rudisha hiyo pole. Bosibori, ukiimba humu utalala kwako bila moto. Na hao watoto washikwe midomo. Hakuna mtu wa kusema kitu katika nyumba hii mpaka huyu amalize, hata kama atanyamaza mpaka ng'ombe walale hawajakamuliwa."